Namna ya Kuhesabu Mabati ya Mheshimiwa

Anza na futi kamba. Usinunue, kila mtaa una fundi, na fundi ana yake. Mwombe aje nayo, maana yeye ndiye anayelijua bati la geji 28 kwa kulikunja ukingo kwa vidole, wakati sisi wengine tunaona bati tu, linang'aa.

Kisha tafuta watu, na hapa usiwe na haraka. Mbunge wetu hutunga sheria Nairobi, lakini huku Mombasa tunamjua kwa fedha za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge: madarasa, vyoo vya shule, basari. Hiyo basari ndiyo inayofunga midomo. Mzazi ambaye nusu ya karo ya mwanawe imetoka kwenye ofisi ya eneobunge hathubutu kusimama peke yake kuuliza fedha za darasa zimekwenda wapi, na wala simlaumu. Jina moja ni rahisi kulikata kwenye orodha. Majina arobaini, la mama mboga, la imamu, la mwalimu mstaafu, ya vijana wa bodaboda, hayakatiki mtaa mzima usijue. Kwa hiyo barua ya kuomba makaratasi ya miradi isiondoke na sahihi tatu.

Barua iandikwe kwa Kiswahili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu, na hulazimiki kueleza sababu. Asiyejua kuandika husema, afisa akaandika. Ombeni mkataba wa mkandarasi, karatasi ya vipimo na gharama, na hati za malipo. Nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa, kwani bila muhuri mtaambiwa barua haikufika. Ofisi ina siku 21. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Wakazi wa Changamwe, hapa hapa Mombasa, walifanya kazi hii pamoja na shirika la haki za binadamu la MUHURI kabla Katiba ya 2010 haijawaandikia haki ya kupata habari katika Kifungu cha 35: walisoma makaratasi, wakaenda kwenye miradi, wakaita mkutano wa hadhara. Kule Rajasthan, India, wanavijiji waliojiunga na shirika la MKSS walikuwa wakisomeana hesabu za namna hiyo kwa sauti tangu 1994, na mtu alisikia jina lake limetajwa kuwa amelipwa kwa kibarua ambacho hakukigusa.

Makaratasi yakishapatikana, nendeni na fundi mkaangalie na kupima. Nendeni saa nne asubuhi, watoto wakiwa mapumzikoni. Katika shule moja karatasi ilisema vyoo milango minane. Tukahesabu sita. Bi mmoja akataka tuhesabu tena, tukahesabu, sita. Miwili ya mwisho ilikuwa imechorwa kwa rangi ya samawati ukutani, pamoja na bawaba zake, na mbele ya mmojawapo alisimama mtoto wa darasa la kwanza akisukuma. Niliona haya kwa niaba ya watu wazima wote. Pigeni picha ya mlango kama huo, lakini mtoto asionekane uso.

Sasa iteni baraza, baada ya swala ya alasiri, ili wa sokoni nao wafike. Mheshimiwa aalikwe kwa barua, kwa heshima zote, na kiti chake kiwekwe hata akikataa kuja. Akija na kikundi cha ngoma, chezeni. Ngoma ikiisha, swali la milango liko palepale. Kipaza sauti kishikwe na mwalimu mstaafu. Kwanza isomwe karatasi, halafu fundi aseme alichopima, halafu ndipo mheshimiwa ajibu. Akisema mkandarasi alikosea, mwulizeni ni nani aliyetia sahihi malipo. Akitoa ahadi, iandikwe hapo hapo pamoja na tarehe, na isomwe mbele yake. Atakayepaza matusi akalishwe, hata awe wa upande wetu, maana tusi moja litampa mheshimiwa nafasi ya kuondoka.

Tarehe ikifika, rudini wote wale wale mkaisukume ile milango miwili. Mkitoka, mrudishieni fundi futi kamba yake. Kesho ana kazi.