Sifa za Sidii ya Hamsini

Washairi wamelisifu Ziwa Victoria, walaji wamemsifu samaki wetu ngege, na kila mgeni anayefika ufuo wa Dunga hapa Kisumu hulisifu jua linapozama. Hajatokea hata mmoja wa kuisifu sidii ya shilingi hamsini, ile inayolala juani mezani Kondele ndani ya karatasi ya nailoni, imeandikwa kwa kalamu nene "Best of Benga", yaani ule muziki wetu wa gitaa. Na sisi wa Migosi, tuliolelewa na sauti yake katika vinyozi, vibanda vya chipsi na tuktuk, ndio wenye deni kubwa kuliko wote. Leo nalilipa.

Nianze na nasaba, kama ilivyo ada ya kumsifu mtu mkubwa. Babu yake ni santuri ndogo ya miaka ya 1970, enzi ambazo mtayarishaji Oluoch Kanindo alirekodi bendi za Nyanza na kuziuza hadi kusini mwa Afrika. Lebo yake ya Sungura iliacha jina hata kwa muziki wa Zimbabwe. Baba yake ni kanda, ambayo mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kuizalisha sebuleni usiku mmoja. Ukoo huu una huruma kwa wanamuziki. Santuri iliwalipa kidogo, kanda ikawalipa kidogo zaidi, na sidii ya hamsini ikawatua kabisa mzigo wa kuhesabu pesa.

Ukarimu wake hauna mfano. Ikijazwa MP3 za kawaida, hubeba muziki wa takriban saa 12: uiwashe saa moja asubuhi, itanyamaza saa moja jioni. Kampuni gani imewahi kumpa mteja siku nzima ya D.O. Misiani, Okatch Biggy na Musa Juma kwa bei ya chapati chache?

Nayo haipendi ubaguzi. Jaladani yupo Musa Juma amevaa suti. Ndani mna bendi ya Limpopo, mna Shirati Jazz, mna Victoria Jazz, na kwa sababu isiyojulikana mna wimbo mmoja wa Krismasi. Majina ya nyimbo ni "Track 01", "Track 02", kuendelea. Wanaolalamika kwamba Misiani amepewa wimbo wa Ochieng Nelly hawaelewi undugu. Sidii imefuta mipaka ambayo bendi zenyewe, kwa kugombana na kugawanyika kila mara, zilishindwa kuifuta.

Inafundisha subira pia. Benga ya santuri ilikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili gitaa linashika kasi na wachezaji wanasahau viatu. Sidii ya hamsini hukuwekea sehemu ya kwanza kwenye wimbo wa tatu, halafu sehemu ya pili ukaitafute kwenye wimbo wa sabini na moja, ikiwa ipo. Msikilizaji hukaa siku nzima akisubiri gitaa. Vijana wanaolalamika kwamba ndoa za siku hizi hazidumu wangeanzia mafunzo hapa.

Hata ikikwaruzwa, inazidi kufaa. Desturi ya pakruok yajulikana: mwenye nacho anamtunza mwanamuziki, naye anamtaja kwa sifa, yeye na wazazi wake na kijiji chake. Alilipia kutajwa mara moja. Sidii ikikwama hapo, anatajwa mara arobaini bila kuongezwa hata ndururu, na majirani wote wa ukuta wa pili wanamjua kwa jina.

Tuitazame staha yake. Sheria ya Hakimiliki ni ya 2001, na Bodi ya Hakimiliki hutoa stika ya kubandikwa kwenye kazi halali. Sidii yetu haijipambi. Inajua kwamba uzuri wa kweli hauhitaji stika, hasa stika inayolipiwa.

Halafu ujasiri. Misiani aliwahi kutiwa ndani zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafumbo ya kisiasa katika nyimbo zake. Sidii ina nyimbo hizohizo, inazipiga mbele ya kituo cha matatu kwa sauti ya kupasua spika, na askari akipita hutikisa kichwa akifuata mdundo. Mtunzi alifungwa, mnakilishaji anauza. Kama huo si ushindi wa uhuru wa kusema, sijui ushindi ni nini.

Nawasikia wapinzani. Watasema kwamba mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mkusanyiko wa benga uliofanyiwa utafiti, ukaja na kijitabu, picha na majina ya wapiga gitaa. Ni kweli, na huo ndio upungufu wake: umejaa majina, na jina likishajulikana mwenyewe huanza kudai malipo. Watasema tena kwamba huko Uingereza hata bendi za mtindo wa new wave, nyimbo zao zilipochakaa, zilikusanywa kwenye albamu za bei ya chini zikauzwa sokoni pamoja na sabuni. Nakubali, ila albamu hizo zilikuwa na mikataba. Sisi tumeondoa mkataba, tukabaki na bei ya chini.

Mwisho watataja hali ya wapiga benga: waliozeeka bila nyumba, na michango ya hospitali na mazishi inayoombwa na watu wanaoimba nyimbo zao kwa moyo. Hilo nalo naliingiza kwenye sifa. Ni bidhaa gani nyingine, baada ya kumnyima mtu riziki akiwa hai, hupigwa matangani kwake usiku kucha bila kulipisha?

Kwa hiyo naiomba Kaunti ya Kisumu iitunuku cheti. Kisiwe halisi, kiwe nakala ya cheti cha mtu mwingine, kimetolewa kwa mashine isiyo na wino, jina limekosewa, ukurasa wa pili haupo. Na mwenye cheti chenyewe akija kudai, aambiwe afurahi kwamba anajulikana hadi Migosi.