Jina Lililomshinda Mwenyewe

Bwana Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Wisconsin, ambaye husimuliwa kwamba fikira ya mashine ya kufungwa tezini mwa mashua ilimjia alipopiga makasia hadi aisikrimu ya mchumba wake ikayeyuka, alianza kuziuza mashine hizo mwaka 1909 kwa jina lake. Kisha, kwa ajili ya maradhi ya mkewe Bess, akamwuzia mshirika wake hisa zake, kwa sharti la kutoshindana naye miaka mitano. Muda ulipokwisha akamwendea na mashine mpya, nyepesi, akakataliwa. Basi akaiunda mwenyewe, akaiita Elto, maana jina lake lilibaki kwa mshirika, na hivyo akajaaliwa jambo ambalo waja wachache hulipata, nalo ni kugombania wateja na jina lake mwenyewe.

Mwaka 1929 wakapatanishwa, yeye na jina lake, katika shirika moja, ambalo baada ya kufa kwake mwaka 1934 lilimmeza pia hasimu wao, shirika la Johnson, na hatimaye likawa laziunda mashine karibu zile zile kwa majina mawili na rangi mbili, ili mabaharia wasikose la kubishania. Desemba 2000 likafilisika. Bombardier wa Kanada wakanunua majina yote mawili. La Johnson likazikwa baada ya miaka michache, la Evinrude mwaka 2020.

Nawe msomaji, unayeapa kwa jina lililoandikwa juu ya mashine yako, tafadhali uliza kwanza ni mali ya nani msimu huu.