Umemaliza Chuo, Uko Chole: Namna ya Kuamua Kwenda Kufundisha Kiingereza Ng'ambo

Kwanza thibitisha kwamba chuo umekimaliza kweli. Joho na picha uliyopiga na shangazi si ushahidi. Ushahidi ni kwamba boom la Bodi ya Mikopo limekatika, kitanda chako cha hosteli analalia mwingine, na wewe uko Chole, wilaya ya Kisarawe, umekaa kijiweni na vijana wa bodaboda ukiwasaidia kusubiri abiria. Kama ndivyo, mwongozo huu ni wako. Kama baba ana nyumba Mikocheni na mjomba yuko wizarani, usijisumbue kusoma, kazi itakufuata.

Kwenye fomu za maombi eleza ni Chole ipi. Chole inayojulikana na watu wa mbali ni ile ya Mafia, ya popo wakubwa, magofu na watalii. Yetu ni ya bara, ya mihogo, mikorosho na magunia ya mkaa yanayosafiri usiku. Ukiandika jina tupu, mwajiri atalitafuta kwenye intaneti, ataona maji ya bluu, na atajiuliza una akili gani ya kutaka kuondoka mahali kama hapo.

Sababu ya kuondoka unayo, na ina tarakimu. Mwanzoni mwa 2025 Serikali ilitaja hesabu ya ajira za ualimu: nafasi 14,648, waombaji 201,707. Ni karibu watu 14 kwa kiti kimoja. Na hapo hapo, nenda shule yoyote ya kata huku kwetu ukaulize nani anafundisha Kiingereza. Utaonyeshwa mwalimu wa Uraia, ambaye pia ni mwalimu wa michezo na ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Walimu hawana kazi, shule hazina walimu, na mfumo wa maombi mtandaoni unakuambia "ombi lako limepokelewa".

Baada ya hapo peleka jambo kwa wazee. Usiwapeleke habari nusunusu. Piga goti, amkia, kisha mwache babu aanze.

"Nasikia unakwenda kuwafundisha Wakorea Kiingereza."

"Ndiyo, babu."

"Kwani Waingereza wameisha?"

Babu hajawahi kusoma kanuni za uhamiaji za Korea Kusini, lakini amegusa penyewe. Viza yao ya walimu wa lugha, inayoitwa E-2, kwa walimu wa Kiingereza hutolewa kwa kawaida kwa wenye pasipoti za nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi, Ayalandi na Afrika Kusini. China nayo ina orodha inayofanana na hiyo. Swali la kwanza mlangoni ni kitabu chako cha kusafiria kimetoka wapi. Umahiri wako utaulizwa baadaye, ukishapita. Mkenya na Mganda, ambao katiba zao zinakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, wako nje ya mlango huo pamoja na wewe. Salimianeni.

Usikasirike. Wewe ulisoma Biolojia, Jiografia na hata Historia ya babu zako kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Ulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuomba chaki kwa Kiswahili. Miaka yote hiyo ulidhani unaadhibiwa ili uje uwe mzungumzaji wa lugha hiyo. Kumbe mzungumzaji halisi ni yule aliyezaliwa nayo, hata kama shahada yake ni ya kupanda nyasi za viwanja vya gofu. Sisi wenyewe tumewahi kuwapokea vijana waliotoka chuo juzi. Peace Corps waliingia Tanganyika 1961 wakiwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, na walimu wakafuata. Hakuna aliyewadai cheti cha kuthibitisha kwamba Kiingereza chao kimeiva. Tuliwapa nyumba ya mwalimu, ndoo, na mtu wa kuwaonyesha kisima.

Kama bado una nia, upo mlango wa uani. Thailand, kwa mfano, huwapokea walimu wasiotoka kwenye zile nchi 7, wakionyesha matokeo ya mtihani wa Kiingereza unaolipiwa kwa dola. Waajiri wengi watataka pia cheti cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, na kipimo chao cha kawaida ni mafunzo ya saa 120. Mafunzo hayo hupatikana mtandaoni. Hapa Chole, maana yake ni kupanda juu ya kichuguu jioni, simu ikielekezwa upande mnara ulipo, somo la namna ya kuchangamsha darasa likizunguka kiduara mpaka bando linakwisha. Mtoto wa jirani atakuuliza unaongea na nani. Mwambie ukweli, unajifunza kufundisha, uone atakavyokutazama, maana anajua umetoka kusomea kitu hichohicho miaka mitatu.

Pasipoti ni shilingi 150,000, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ugumu ni jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi, na NIDA wamekuandika Mwanaid kwa sababu mashine ilikuwa na haraka. Utakwenda kwa wakili akuandikie kiapo kwamba wanawake hao watatu ni mtu mmoja. Nauli ya bodaboda mpaka Maneromango, gari la Kisarawe, gari la Gongo la Mboto, kisha mjini, ujumlishe humo. Ukisahau karatasi moja unaanza upya, na kijiweni watakuuliza, "Mwalimu, hujaondoka tu?"

Sasa wakala. Wakala bora ana sifa zifuatazo: hana ofisi, ana magari ya watu kwenye picha zake, anapokea hela kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanamke usiyemjua, na hataki umwambie mtu kabla ya safari kwa sababu ya husuda. Mkataba utausaini ukishafika. Kazi ni ya kufundisha Bangkok, lakini uwanjani utapokewa na gari linaloendeshwa usiku kucha kuelekea mpakani. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, ndani ya uzio, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilikuwa ikihangaika kuwarudisha wananchi wake kutoka huko. Hapo kejeli naiweka pembeni kidogo: kabla ya kutoa hata senti, uliza kama wakala huyo anatambuliwa na TaESA, wakala wa Serikali wa huduma za ajira. Akinuna, umepata jibu.

Umefika hapa bila kukata tamaa? Basi nikupe habari ambayo chuoni uliicheka. Wale wenzako waliochukua Kiswahili, mliowatania kwamba wamekwenda chuo kikuu kusomea maziwa ya mama, wana soko. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, kwenye mkutano uliofanyika hapo Dar es Salaam. UNESCO wametupa Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani. Marekani kuna mpango wa Fulbright unaowachukua walimu vijana wa kigeni wakafundishe lugha zao vyuoni kwa mwaka mmoja wa masomo, Kiswahili kikiwemo. Tiketi wanalipa wao, na ukimaliza unarudi nyumbani kukaa miaka 2 kabla ya kuota makazi ya kudumu. Kabla hujashona suti, sikiliza redio ujue viza za Marekani zimeamkaje wiki hiyo. Hapa nyumbani Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, huendesha mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, na ina kanzidata ya wataalamu. Jiandikishe. Kanzidata ni foleni ambayo husimami, ila kusubiri ni kulekule.

Tahadhari moja: Wakenya nao wanaomba, na hawaoni haya kwenye usaili. Unapokaa kijiweni ukilalamika kwamba mtu wa Eldoret anafundisha Kiswahili Chicago wakati wewe wa Pwani upo, kumbuka kwamba yeye alituma fomu.

Na kabla ya kusaini, jifunze kwa mtangulizi wako, ambaye ni wa karibu kuliko unavyodhani. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, Uzaramo, bara ya Bagamoyo. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, mahali ambapo Wajerumani walifundwa kabla ya kuja kututawala. Tafakari kazi hiyo: unamfundisha mtu kusema "lete kodi" kwa lafudhi nzuri, kisha anapanda meli kwenda kuwaambia wajomba zako. Mtoro aliandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903, na jina lililowekwa mbele likawa la Mjerumani Carl Velten. Mwaka uliofuata Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, akafunga safari kumleta kwao. Meli ikafika pwani. Serikali ileile iliyomlipa kwa ajili ya ulimi wake ikakataa ashuke na mkewe katika nchi aliyozaliwa. Wakarudishwa Ulaya na meli. Alifundisha tena, Hamburg safari hii, na akafia Berlin 1927.

Kwa hiyo kwenye mkataba wako, baada ya mshahara na nyumba, soma kwa makini kifungu cha tiketi ya kurudi. Kifungu cha ndoa hakipo. Hicho kamuulize bibi.

Siku ya kuamua ina miiko. Usiamue msimu wa korosho, mnada ukiwa umelipa na kila kibanda kina redio mpya, maana utaiona Chole ndiyo Ulaya. Usiamue masika, barabara ikiwa uji na bodaboda wamepandisha bei, maana hata ukipewa kazi kwenye meli ya uvuvi utashukuru. Amua mwezi wa nane, jua la kawaida, hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna anayekudai zaidi ya kawaida. Ukiamka siku tatu mfululizo bado unataka kwenda, nenda.

Ukiona hutaki, wapo watoto wa darasa la saba wanaotaka tuisheni. Wazazi watalipa kwa mihogo, na wengine kwa ahadi.

Ukienda, pakia suti moja, kanga mbili za zawadi, nakala za vyeti vilivyogongwa muhuri, na kiapo cha yale majina matatu. Korosho chukua zilizobanguliwa. Namba ya Bodi ya Mikopo usiizuie kwenye simu: ungeajiriwa hapa mwajiri angekukata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na deni halijui kwamba umevuka bahari. Barua yao ya kukukumbusha ikija kwa Kiingereza, itunze vizuri. Inafaa kuwa zoezi la ufahamu kwa darasa lako la Bangkok.