Temeke Haina A

Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto kimegoma kazi tangu mfungo wa Ramadhani. Hakiumi. Kingeuma ningekipaka dawa, yakaisha. Kimekufa ganzi tu, na kimemvuta jirani yake kidole cha pete kwenye mgomo, tena nusu yake, ule upande ulio karibu. Nikikigusa naona kama nimeshika kidole cha mtu mwingine, mtu ambaye hata hatusalimiani.

Kazi yangu ni kuchapa. Nafasiri nyaraka za watu, nalipwa kwa ukurasa, na ofisi yangu ni meza ya kulia chakula hapa Mbagala Rangi Tatu. Kiti ni cha plastiki, cheupe, katika vile vinavyokodishwa misibani na harusini. Hiki hakikurudi kwa mwenyewe, na mimi sijauliza. Mashine ni laptopu, ambayo wakubwa wa lugha wameiita kompyuta mpakato. Nawaheshimu, ila jina hilo limenitia hasara. Mimi ni mtu wa kutii, nikaipakata. Miezi mitatu barazani, kama nimeachiwa mtoto wa dada. Mtoto ukimpakata atakukojolea, utabadilisha nguo, basi. Hii iliniunguza mapaja, na shingo ikainama mpaka wapita njia wakawa wananiuliza nimeangusha nini. Ndipo nikahamia mezani.

Wa kwanza kunipima alikuwa mama, mhazili mstaafu, zao la Chuo cha Uhazili Tabora. Alinitazama nikichapa kwa dakika moja, akaweka kikombe chini.

“Baba, wewe huchapi. Wewe unalala juu ya mashine.”

Kisha nikapewa historia. Wao walifundishwa taipureta vitufe vimefunikwa kitambaa, mgongo umenyooka, mikono inaning'inia juu kama ya mpiga kinanda. Ukiegemeza kifundo cha mkono, mwalimu anakuja na rula. Na mashine yenyewe ilikuwa na huruma yake: mstari ukikaribia mwisho kengele inalia, unanyoosha mkono kurudisha karatasi mwanzo, ukurasa ukiisha unachomoa, unapanga kaboni, unachomeka mwingine. Mikono ilikuwa inapata likizo kila mara bila kuandika barua ya kuomba. “Nyinyi mmepewa mashine isiyo na kengele,” akasema, “mnakwenda tu kama daladala iliyokatika breki.”

Sikubishana naye. Lakini moyoni nilikuwa na mshitakiwa wangu, na mshitakiwa wangu alikuwa herufi A.

Hebu angalia. Chapa sentensi ya kawaida ya tangazo la serikali ya mtaa: “Wananchi watakaochelewa hawatasikilizwa.” Maneno matatu, A kumi. Kumi! Na kwenye kibodi A imewekwa wapi? Chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kile kidole dhaifu kuliko vyote, ambacho tangu kuzaliwa kazi yake ilikuwa kuchokonoa sikio. Juu yake kidogo amekaa Q, ambaye Kiswahili hakina shughuli naye kabisa, mjumbe wa kamati anayekuja kwa ajili ya posho na soda. Chini kuna Z, anayefanya kazi kwa wastani. Mzigo wote ni wa A.

Aliyepanga hivyo ni Mmarekani, Christopher Latham Sholes, mhariri wa gazeti huko Milwaukee, na mashine yake iliingia sokoni mwaka 1874 kupitia kiwanda cha Remington, watengenezaji wa bunduki. Simlaumu sana, hakuwahi kusikia neno “hawatasikilizwa”. Ninayemlaumu ni August Dvorak, profesa wa Seattle, aliyekuja mwaka 1936 na hataza ya mpangilio mpya kwa ajili ya kuwapumzisha wachapaji. Akang'oa karibu herufi zote, akazihamisha kama vibanda barabara inapopanuliwa. A akaiacha palepale. Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, wanaotumia kibodi za Kifaransa, hali yao ni mbaya zaidi: kwao A na Q zimebadilishana viti. Q ndiyo imestarehe pale kidole kinapopumzika, na A unaifuata ghorofani.

Nilianza kuchagua maneno. Nikagundua anwani yangu tu, Mbagala, Dar es Salaam, Tanzania, ni A kumi nyingine, yaani kabla sijaanza kufanya kazi nimeshachoka. Lakini Temeke haina A hata moja! Ubungo nayo haina. Katika wilaya tano za mkoa huu tatu hazina, Kigamboni ina moja, Ilala ndiyo imejipa mbili. Na Kinondoni nayo, nisamehewe, ni upendeleo mtupu: herufi tisa, nane zote za mkono wa kulia, kushoto inahitajika D peke yake. Mtu wa Kinondoni anaweza kuandika anapoishi huku mkono wa kushoto umeshika kikombe cha chai, akaja mara moja kugusa D na kurudi kwenye chai yake. Ndiyo maana wale watu wana raha.

Hoja hii nilikwenda nayo hospitali. Kijana wa fiziotherapia alinisikiliza mpaka nilipofika Goma, akaniomba nikunje mkono, akanigonga kwa kidole nyuma ya kiwiko. Nilipigwa shoti mpaka kwenye ukucha.

“Mzee, A haihusiki.”

Akanieleza kwamba neva inayolisha kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete inapita pale kwenye kiwiko, karibu kabisa na ngozi, ndiyo ile tunayojigonga mlangoni tukaruka. Ukiegemeza kiwiko kwenye ukingo wa meza saa nzima, au ukikikunja usiku kucha umelalia mkono, unaibana. Vingekuwa kidole gumba, cha shahada na cha kati, angetafuta kwenye kifundo cha mkono, ambako neva nyingine inapita kwenye kijitundu chembamba, na huko ndiko wachapaji wengi wanakoumia. Mimi hata ugonjwa wangu si wa wachapaji. Ni wa watu wanaoegemea baa.

Akaniuliza meza yangu ina kimo gani. Niliporudi nyumbani nikapima: sentimita 76. Meza ya kulia. Kwenye ugali kimo hicho hakina tatizo, mkono unapanda na kushuka. Kwa kuchapa, mtu wa kimo changu mabega yanapanda masikioni na viwiko vinatafuta pa kulala. Yeye alitaka viwiko vining'inie ubavuni, vikunjwe kama herufi L, kibodi iwe usawa wake au chini kidogo, vifundo vinyooke. Vile vijiguu vya nyuma ya kibodi, ambavyo sote tunaviinua kwa sababu vipo, alisema vifungwe, maana vinakunja vifundo kuelekea juu. Na skrini usawa wa macho.

Kiti cha plastiki hakipandi wala hakishuki. Nikamwita fundi kutoka Keko, kwenye mafundi fanicha. Alikuja na msumeno, akaizunguka meza mara mbili.

“Mzee, meza ikikatwa hairefuki.”

“Kata nane.”

Ilikatwa. Mke wangu, ambaye kikao hicho hakukaribishwa, alitoka jikoni na hotpoti la ugali, akaenda kuliweka mahali meza ilipokuwa siku zote, na hotpoti likashuka kwa zile sentimita nane peke yake. Hakusema neno. Watoto sasa wanakula magoti yamebanwa, mkubwa amehamia mkekani, na shemeji aliyekuja Jumapili aliuliza kwa heshima kama tunahama.

Lakini viwiko vimetulia! Nikabaki na suala la skrini. Vile vipande vinne vya miguu nilikuwa nimevitunza, nikavipanga chini ya laptopu, kimoja kila pembe. Skrini ikapanda vizuri sana. Kibodi nayo, kwa kuwa imeungana nayo, ikapanda vilevile, sentimita zilezile nane.

Jumatatu nikapanda daladala, nikaning'inia kwenye bomba kutoka Rangi Tatu mpaka Kariakoo, mkono wenyewe ni huohuo mgonjwa, nikanunua kibodi ya kujitegemea. Mpya zilikuwa na bei za watu wa mjini, nikachukua iliyotumika, elfu nane. Nilipoifuta vumbi nikaona Q inang'aa kama imefunguliwa kwenye boksi leo. Mahali pa A palikuwa peupe, pamelika, herufi yenyewe haipo.

“Imefutika tu, mzee, inafanya kazi,” kijana akaniwahi.

Nikamuuliza imetoka wapi.

“Steshenari moja hivi, Tandika.”