Mzee Behewa Katoka Hispania

Mtu akirudi kutoka ng'ambo na picha, sisi majirani tunaujua wajibu wetu. Tunakaribishwa chai, tunamwona mwenyeji kasimama mbele ya jumba refu, kavaa koti ambalo hatutamwona nalo tena maishani, tunasema "Aisee, baridi imekupenda, umenawiri!" na tunarudi makwetu kabla ya taarifa ya habari. Picha ya safari isiyo na mtu haina kazi. Jengo tupu lipo hata kwenye kalenda, na kalenda tunagawiwa bure kila Desemba.

Sasa yupo jirani yangu hapa Unga Limited, Arusha, ambaye mtaa mzima tunamwita Mzee Behewa, kwa kuwa aliitumikia reli tangu enzi za ile Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki. Binti yake anafanya kazi Bilbao, kaskazini ya Hispania, akamtumia tiketi aende kumwona mjukuu. Mzee akaenda, akakaa mpaka tukaanza kuuliza kulikoni, akarudi na simu iliyojaa hadi inakataa kupokea ujumbe. Picha zote ni treni na tramu. Binti yumo mara moja tu, tena nusu bega, kwa sababu alikuwa ameziba namba ya kichwa cha treni. Mjukuu hayumo.

"Shikamoo mzee. Mjukuu yuko wapi?"

"Marahaba. Alikuwa nyuma yangu, kwenye kigari chake. Wewe tazama huo mkono wa juu unavyoshika waya wa umeme."

Mimi nilialikwa kwa ajili ya waya mwingine, ule wa kuunganisha simu na televisheni. Mtaani wanajua ninao, na tangu siku walipojua sijawahi kuwa na Jumapili yangu mwenyewe. Wageni wenyewe hasa walikuwa wastaafu wenzake: mmoja dereva wa treni, mmoja fundi wa karakana, mmoja gadi aliyekuwa akipeperusha bendera ya kijani na bado anaongea kwa sauti ya kushindana na honi. Hawa ni watu ambao Jumuiya ilipovunjika 1977 walianza kuyadai mafao yao, wakayadai hadi mvi zikaota na nyingine zikadondoka. Ungedhani mtu wa namna hiyo akiona reli anageuza uso. Thubutu! Walikuja mapema kuliko mwenye waya.

Picha ya kwanza ilikuwa stesheni ya Atocha, Madrid. Lile banda lake la zamani treni zilishahamishwa, na tangu 1992 ndani yake kuna bustani ya mimea ya nchi za joto, mitende imepanda hadi karibu na paa. Nikauliza, kwa heshima zote, kama kuna haja ya mtu kuondoka Arusha, yenye migomba kuanzia Tengeru mpaka Ngaramtoni, akapande ndege kwenda kupiga picha majani mapana yaliyofungiwa ndani ya nyumba. Hakuna aliyenijibu. Walikuwa wanabishana kuhusu vyuma vya paa.

Zikafuata picha za treni za kasi, zile za Madrid kwenda Sevilla zilizoanza mwaka huohuo wa 1992, ambazo siku hizi zinakwenda kilomita 300 kwa saa. Mzee alisimama kwenye daraja la juu akazivizia. Matokeo yake ni mistari myeupe: mstari mweupe ukielekea kushoto, mstari mweupe ukielekea kulia, na mmoja ambao ni kidole chake. Kila mstari ulijadiliwa. Dereva mstaafu aliomba ule wa tatu urudishwe.

Mama mwenye nyumba akaingia na vitumbua, akasimama nyuma ya kiti changu, akaangalia skrini kidogo. Akaniinamia.

"Mwanangu, wewe umeona mtu humo?"

"Bado, mama."

"Haya. Akitokea mjukuu wangu niite jikoni."

Kikao kilichangamka hasa tulipofika Bilbao kwenyewe. Pale kuna tramu inayopita kando ya mto, mbele ya jumba la makumbusho la Guggenheim, na reli zake zimelala ndani ya majani mabichi yaliyokatwa vizuri kuliko nywele zangu. Wazee wakapumua kwa pamoja. Mimi nikasema kwetu pia reli ina majani, tofauti ni kwamba yetu hayakupandwa na mtu, na kuyakata kazi hiyo tumewaachia ng'ombe. Gadi akaniambia kijana, nyamaza.

Mzee Behewa akasimama, akaenda hadi kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye reli moja, kingine kwenye reli ya pili. "Mita moja," akasema. "Mita moja kamili."

Viti vitatu vikasogea mbele. Mita moja ndio upana wa reli yetu, hii inayoanzia Tanga na kuishia hapa chini karibu na maghala. Alijuaje? Alipima. Alikwenda kituo cha tramu na futikamba ya fundi cherehani, akasubiri tramu ipite, akapiga magoti. Wahispania wakadhani babu kadondosha funguo, wawili wakainama kumsaidia kutafuta. Binti yake, kwa maelezo ya mzee mwenyewe, aliondoka na kigari cha mtoto akaenda kusimama mbali, akawa anatazama mto.

Na hapo, pamoja na uchovu wangu wote, nikavuta kiti. Maana si tramu peke yake. Hata treni za chini ya ardhi za Bilbao, zilizoanza 1995, ambazo stesheni zake zilichorwa na Mwingereza Norman Foster, zinatembea juu ya reli ya mita moja. Tramu za Valencia nazo mita moja. Miaka yote hii hapa Arusha, treni ikitajwa, lazima atokee mtaalamu wa kijiweni atuambie kwamba ugonjwa wa reli yetu ni wembamba, Mjerumani alitupunja. Kumbe kuna watu wanaenda kazini kila asubuhi juu ya wembamba huohuo, wamevaa tai, na kibao kinawaambia treni inayofuata inakuja baada ya dakika kadhaa, na inakuja!

Wazee hawakushangaa. Fundi wa karakana akaanza kutusomesha. Hispania, akasema, ina fujo ileile ya kwetu: reli za kawaida ni pana, milimita 1,668, zile za kasi ni 1,435, na nyembamba ni 1,000. Sisi tuna 1,000 ya zamani, 1,067 ya TAZARA na 1,435 ya SGR. Tofauti ni kwamba kule wana treni za Talgo ambazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 zinabadilisha upana wa magurudumu zikiwa zinatembea, taratibu, abiria akiwa amelala. Sisi pale Kidatu, ambapo reli ya TAZARA inakutana na ile ya mita moja, tunashusha mzigo upande huu tunaupakia upande ule. "Mfuko kwa mfuko," akasema, na akaonyesha kwa mikono mpaka chai yangu ikamwagika.

Ikaja picha ya Mallorca, kile kisiwa cha watalii. Treni ya mbao ya 1912 kutoka Palma hadi Sóller, na tramu ya 1913 inayotoka hapo kuteremka baharini, ikipita karibu na michungwa kiasi kwamba ungeweza kuchuma. Nikauliza kama alichuma. Hakuchuma, mikono ilikuwa na simu. Gadi, ambaye kwao ni Mombasa, akasema tramu si ngeni pwani yetu: zamani Mombasa kulikuwa na vigari vya kukaa watu, juu ya vijireli vyembamba, vinasukumwa na watu wakikimbia. Afisa Mwingereza anakaa chini ya turubai, mababu zetu wanasukuma. "Hiyo haikuhitaji waya wa umeme," akasema. Hakuna aliyecheka, ila mama aliyekuwa anapita na birika.

Sasa niseme kilichoniudhi, maana safu hii haikuanzishwa ili nisifu. Reli si ya Hispania peke yake. Wajerumani walianza kutandika yetu Tanga mwaka 1893, nia yao wafike Ziwa Viktoria. Wakafika Moshi 1911, vita vikawakuta hapo. Waingereza wakaisogeza hadi Arusha 1929, wakaona panatosha. Toka hapo kwenda Musoma imebaki kwenye makaratasi, na makaratasi hayo yana umri wa kustaafu. Treni ya abiria ikakatika kwetu kwa takriban miaka 30. Iliporudi Oktoba 2020, Arusha nzima ilihamia stesheni. Wapo waliopanda juu ya kuta, wapo waliobeba watoto mabegani, mama mmoja alikuja na mwana wa mbuzi akampiga picha na behewa. Kila mtu alikuwa na simu juu. Mzee Behewa naye alikuwepo. Ana picha ngapi za siku ile? Moja. Nimeiona. Ni gurudumu.

"Watu walikuwa wengi mno," akajitetea. "Walijaa kwenye picha."

Na SGR je? Tangu safari za Dar hadi Dodoma zizinduliwe Agosti 2024, nusu ya ukoo wangu wameshakwenda Dodoma bila shughuli yoyote ya Dodoma, na picha wanazo: mtu na dirisha, mtu na tiketi, mtu na kiti, mtu kalala mdomo wazi kapigwa na mwenzake. Hizo ndizo picha. Sisi wa Arusha, ili kupanda treni hiyo, kwanza unapanda basi kilomita zaidi ya 600 kwenda Dar, au unapitia Babati na Kondoa uikute Dodoma kwenyewe, ambako sasa umeshafika na treni huihitaji tena.

Nikataka kuondoka kistaarabu. Nikaangalia dirishani nikasema mawingu yametoka, Mlima Meru unaonekana wote leo. Kosa kubwa mbele ya watu wale.

"Mount Meru!" dereva mstaafu akaruka. Hakuwa anautazama mlima. Alikuwa anazungumzia kichwa cha treni. Wakati wa East African Railways kulikuwa na vichwa vya mvuke vya daraja la 59, 34 kwa jumla, vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila kimoja tani zaidi ya 250, vikipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Hapajawahi kuwa na vichwa vya mvuke vyenye nguvu kuvishinda juu ya reli ya mita moja, popote duniani. Vyote vilipewa majina ya milima: Kilimanjaro, Kenya, Elgon, na huu wetu. Viwili vimebaki, vimesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi: 5918, Mount Gelai, ambao mwenyewe ni mlima wa hapa mkoani, kando ya Ziwa Natron, na 5930, Mount Shengena, wa kule Upareni. Yaani milima yetu miwili inakaa Nairobi, na kuiona unalipa kiingilio. Hilo nililisema mimi, na kwa mara ya kwanza jioni ile wazee wote walinikubalia.

Nikadhani nimepona. Siku chache baadaye mzee akanigongea mlango. Kule Bilbao, kwenye kile kituo alichopiga magoti na futikamba, mmoja wa wale Wahispania waliomtafutia funguo kumbe naye ni mgonjwa wa reli. Wakabadilishana namba. Mhispania kapokea habari za mita moja ya Arusha, amechanganyikiwa kwa furaha, anataka picha: stesheni, njia, mataruma, swichi za kubadilishia njia, kichwa cha dizeli kikipatikana. Macho ya mzee hayako vizuri jua likiwa kali, na simu yake imejaa. Yangu ina nafasi.

Akapiga simu kwa watu wake, ruhusa ikapatikana, nikaenda. Nikalala kifudifudi karibu na reli kama alivyonielekeza, ili mistari miwili ikutane kule mbele. Kabla sijabonyeza, walishafika watoto wa Unga Limited. Mmoja kakaa juu ya reli na tairi lake. Wawili wameshikana mabega, vidole viwili juu. Nyuma yao muuza miwa kasimamisha baiskeli, kajinyoosha shati. Kwa mbali mama mwenye ndoo ya mahindi kichwani anauliza hii itatoka televisheni gani. Nikawaomba wasogee. Wakasogea, wote, wakaja karibu zaidi na kamera.

Nilimpelekea mzee. Akavaa miwani, akapitisha moja moja bila kusema kitu. Mkewe akatoka jikoni, akachungulia, akaanza kuwataja: huyu wa fulani, huyu mama yake tunasali naye, ebu niangalie hako kana tairi. Akaniomba nimtumie zote.

"Mataruma yako wapi?" mzee akaniuliza.

"Wameyakalia."

Akanirudishia simu. Kaniambia nirudi kesho alfajiri, saa kumi na moja, kabla watoto hawajaamka, na nisiache kupima.

Futikamba ameniazima.