Kuumia Kabla ya Msimu

Nyama za paja zinapochanika, mwenyewe husikia mlio kama wa doti ya khanga ikichanwa dukani. Watazamaji hawasikii kitu. Wanachokiona ni mtu mzima aliyepiga hewa, akasimama kidogo kama aliyekumbuka kuwa ameacha sufuria motoni, kisha akashuka chini taratibu huku mpira ukiwa bado umetulia palepale alipouweka kwa mikono yake. Hivyo ndivyo ilivyotokea Karatu Jumamosi iliyopita, dakika ya nne ya bonanza la mashabiki wa Simba na Yanga. Video ya tukio hilo ina sekunde 11 na imekwishafika Mto wa Mbu, Mang'ola na ukweni.

Majeraha ya aina hii ni ya kawaida wakati wa maandalizi ya msimu, na sababu yake si ngeni. Mwili uliopumzika hupoteza kasi na nguvu, lakini kumbukumbu ya kasi na nguvu hizo haipotei, kwa hiyo mwenye mwili huendelea kuagiza bidhaa ambayo ghalani haipo. Mchezaji wa Ligi Kuu hupumzika wiki chache, kisha hurudishwa kwa vipimo, mazoezi mepesi na mechi za kirafiki. Mhusika wa maelezo haya alipumzika miaka 19, akarudishwa kwa supu ya kongoro na chapati mbili.

Kinachoitwa nyama za paja ni misuli mitatu iliyo nyuma ya paja. Inaanzia kwenye mfupa anaoukalia mtu na kuishia chini kidogo ya goti. Kazi yake inayofahamika ni kukunja goti. Ile isiyofahamika, nayo ndiyo inayoiponza, ni kufunga breki. Mguu unaporushwa mbele, misuli ya mbele ya paja ndiyo inayourusha na ya nyuma ndiyo inayouzuia usiende zake. Huvuta huku yenyewe ikinyooshwa, mfano wa mtu anayeburutwa na kamba ya ng'ombe aliyeshtuka mnadani. Anayepiga mpira vizuri husaidiwa na mpira wenyewe: mguu unapokutana na kitu chenye uzito wa gramu 410 hadi 450, sehemu ya mwendo huhamia humo na breki hubakiwa na kazi ndogo. Anayeukosa hana msaada huo. Mwendo wote hubaki mguuni, na misuli mitatu inaulipia peke yake. Kupiga hewa, kwa hesabu hiyo, ni kazi nzito kuliko kupiga mpira, jambo ambalo umati wa Jumamosi haukulizingatia hata kidogo.

Mchaniko wenyewe una madaraja matatu. Katika la kwanza hukatika nyuzi chache na mtu hupona kwa wiki kadhaa. Katika la tatu msuli hukatika wote na habari yake ni ya miezi. Wakubwa nao hawajanusurika. Uchunguzi wa muda mrefu wa UEFA katika klabu kubwa za Ulaya ulionyesha kuwa majeraha ya nyama za paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na kufikia 2021/22 yalikuwa asilimia 24. Takwimu hizi mhusika alizisoma kwa sauti kijiweni siku tatu kabla ya bonanza. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba tatizo ni watu kutopasha misuli.

Kijiwe kinachotajwa hapa ni cha kahawa, kando ya barabara kuu iendayo lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Huko ndiko madereva wa watalii husubiri wageni wao, waendesha bodaboda husubiri abiria, na wengine husubiri tu. Julai na Agosti, ukungu ukiwa bado haujaondoka kwenye mashamba ya Oldeani, hapo huzungumzwa mambo matatu: nani kaumia, nani kasajiliwa, na mpira unapigwaje. La kwanza huleta mkanganyiko kazini. Dereva mmoja alikuwa kwenye simu akisema Simba wawili wameumia, mmoja nyonga, mwingine enka, na wageni wake, ambao kwa Kiswahili walikuwa wamejifunza neno moja tu, wakaomba kwa huzuni kubwa wapelekwe kuwaona.

La pili halina mwisho, kwa kuwa kabla ya ligi kuanza hakuna timu iliyofungwa. Kila aliyesajiliwa ni chuma, kila aliyeachwa alikuwa garasa tangu zamani. Julai 2024, Clatous Chama alipotoka Simba kwenda Yanga, watu wazima kijiweni walibadilisha maoni yao juu ya mguu wake wa kulia kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa, kila upande ukichukua maoni ya mwenzake.

La tatu ndilo lililomponza mhusika. Tangu mwaka 2021, Simba walipokuja kupiga kambi Karatu baada ya ile ya Morocco, kijiwe hujihesabu kuwa na mamlaka juu ya suala la mwinuko. Timu hupanda milimani kwa ajili ya pumzi: hewa ikiwa nyepesi, mwili hulazimika kuchuma oksijeni kwa shida, na ukikaa wiki za kutosha huongeza chembe nyekundu za damu. Hayo kila mtu anayajua. Mhusika alikuja na jambo jipya, kwamba hewa nyepesi huubadilisha na mpira.

Jambo hilo ni la kweli, na hakuna fedheha inayoweza kulifuta. Mji wa Karatu uko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko karibu mita 2,300. Karatu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Mpira unaopigwa pembeni huenda huku ukizunguka. Katika kuzunguka huisukuma hewa upande mmoja, na hewa nayo huusukuma mpira upande wa pili. Mjerumani Heinrich Gustav Magnus aliyaeleza hayo mwaka 1852, na Roberto Carlos akayaonyesha Lyon tarehe 3 Juni 1997, kwa mpira wa adhabu wa mita kama 35 uliozunguka ukuta wa Ufaransa na kumwacha kipa amesimama. Ila Magnus anahitaji hewa ya kusukumana nayo. Ikipungua, mpira hupinda kidogo na kwenda mbali zaidi. Faulo ambayo Dar es Salaam ingepinda mita tatu, Karatu hupinda kama mbili na nusu, na nusu mita ni tofauti ya kona ya juu na kichwa cha mtazamaji.

Kuna pia suala la upepo wa ndani. Mpira uliojazwa pwani ukiletwa Karatu huwa mgumu zaidi, kwa kuwa hewa ya nje inayoubana imepungua. Lakini ukilala nje usiku wa Julai, baridi huifinyaza hewa ya ndani na ugumu ule mwingi huondoka. Kwa hiyo mpira uliosafiri kutoka joto la Temeke hadi asubuhi ya Karatu hufika ukiwa karibu kama ulivyoondoka, baada ya kupitia mabadiliko mawili makubwa ambayo hakuna aliyeyaona. Mhusika alilala akiyafikiria. Mkewe alilala.

Ufundi wa kupiga nao aliufundisha kwa wiki mbili, akitumia kijiko na kashata. Mguu wa egemeo uwekwe pembeni mwa mpira, kidole gumba kikitazama goli. Nyonga ianze kugeuka, paja lifuate, goti lifuate, mguu uje mwisho kama ncha ya mjeledi. Asiyeanzia nyonga anapiga kwa mguu mtupu. Kifundo kikazwe. Mguu na mpira hugusana kwa muda wa kama sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo kila kinachowezekana kufanyika kiwe kimekwishafanyika kabla. Vijana walianza kumwita Kocha, na yeye akaanza kuitika.

Faulo ilipatikana mita kama 22 kutoka golini. Mpigaji aliyepangwa alikuwa ameushika mpira, lakini mhusika alimpokonya kwa upole wa mtu mwenye elimu. Aliuweka, akauzungusha ili kidude cha kujazia upepo kimtazame. Alipima hatua za ukuta, akamwarifu mwamuzi kwamba sheria inataka mita 9.15 na hapo zilikuwa saba. Ukuta ulikuwa na watu watano wa Yanga, mmoja wao muuza nyama ambaye kwa upana alihesabika wawili. Aliwaeleza pia, kwa faida yao, kwamba mpira utapinda kidogo kuliko wanavyotarajia. Alirudi nyuma hatua saba. Alinyoosha mkono juu, ishara ambayo hakuna mwenzake aliyejua maana yake.

"Shikamoo Kocha," kipa akasema toka golini, "unapiga, au nipokee simu kwanza?"

Hatua sita zilikwenda vizuri. Ya saba, ile ya mguu wa egemeo, ilitua juu ya kichuguu cha fuko. Udongo wa Karatu, ule mwekundu unaosifika kwa kahawa na ngano, ulididimia inchi nne. Mwili mzima ukalalia kushoto. Nyonga ikageuka kwa wakati wake, paja likafuata, goti likafuata, mjeledi ukatoka kama ulivyofundishwa, ila mpira ulikuwa umebaki chini kidogo na kulia kidogo. Hewa ya Karatu, pungufu kwa asilimia 15, haikuweza kuuzuia mguu.

Mgeni mmoja kutoka Denver, Marekani, aliyekuwa kwenye gari la watalii lililosimama kuangalia, alimfariji kwa mfano wa besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo. Kwao nako ni kwenye mwinuko, mita 1,600, karibu sawa na Karatu. Mipira huruka mbali na kupinda kidogo kiasi kwamba tangu mwaka 2002 uwanja wao huihifadhi kwenye chumba cha unyevunyevu ili isiwe na mruko mkali. Mpiga gongo hodari naye huanzia nyonga, na wengi huchanika misuli ya ubavu mazoezini kabla msimu haujaanza. Tena, akifanikiwa mara tatu katika kumi anahesabiwa nyota. Dereva alitafsiri yote. Mhusika, akiwa bado amelala kifudifudi, alianza kupata nafuu ya moyo, hadi dereva alipouliza kwa nia njema kama huko kwao mpira nao huwa umesimama. Mgeni alisema hapana, huja kwa kilomita 150 kwa saa na hufika chini ya nusu sekunde.

Matibabu yalikuwa chupa mbili za soda baridi zilizofungwa kwa kitambaa. Wazee walitaka kumchua kwa maji ya moto, jambo lisilofaa kwa mchaniko mbichi, maana huongeza damu kuvuja ndani. Alikataa kwa maelezo marefu, na hapo ndipo video inapokatika.

Asubuhi ileile, kabla ya bonanza la wakubwa, vijana walicheza. Winga wa miaka 16, mwepesi, alitua vibaya kwenye shimo la uwanja huohuo na goti likageuka. Alichuliwa kwa maji ya moto, akapakiwa kwenye bodaboda na kupelekwa nyumbani. Hakuna aliyerekodi. Kijiwe kinachojua siku alizobakiza kiungo wa Ivory Coast kabla ya kurudi mazoezini hakikuuliza goti lile linaendeleaje, wala mhusika hakuuliza hadi Jumanne, na jibu alilopewa ni kwamba kijana sasa yuko shambani, anachechemea. Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, aliyekwenda Christchurch tarehe 2 Februari 1974 akaongoza mita 1,500 tangu mwanzo hadi mwisho kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Aliyafanya hayo kwa miguu iliyokulia kwenye ardhi hii, ambayo hadi leo haijasawazishwa.

Jumapili mhusika aliteleza bafuni. Jumatatu baba mkwe alipiga simu kuuliza kama ni kweli. Jumatano kiti chake kijiweni kilikutwa kimeandikwa kwa chaki: majeruhi wa muda mrefu.

Kikosi cha marudiano kimekwishatangazwa. Faulo zitapigwa na muuza vitunguu wa Mang'ola, ambaye hupiga kwa ncha ya kiatu na hajawahi kukosa. Mhusika amepangiwa kushika simu ya kurekodia.