Heshima kwa Utelezi

Mjini Mbarara ng'ombe wa Ankole amejengewa sanamu, na tangu enzi za wafalme pembe zake hutungiwa majigambo. Utelezi wa kijani unaoelea ziwani haujapata hata jina la heshima. Mvuvi akiukuta umeganda kwenye nyavu husonya. Huo ni utovu wa shukrani. Kwa ukoo, utelezi umempita ng'ombe pamoja na mfalme wake: jamii yake ndiyo iliyoanza kutia oksijeni hewani, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Weka tone moja chini ya darubini utaona vijidude vya duara, mamia kwa mamia, vimeshikwa na ute kama mbegu za pasheni.

Lakini ubora wake hasa uko tumboni mwa samaki aitwaye ngege. Mwaka 1973 mtafiti Moriarty alichapisha habari za ngege wa Ziwa George, hukuhuku magharibi mwa Uganda. Ngege mchanga huanza na vidudu vya majini. Akikua huhamia kwenye utelezi. Anaoula alfajiri hutoka kijani vilevile, kwa kuwa asidi ya tumboni haijakolea. Kadiri anavyoendelea kula, asidi hukolea hadi pH 1.4, kali ajabu, na kinyesi hugeuka hudhurungi: utelezi umekwisha kuwa nyama. Basi ngege wa kukaanga anayeliwa kwa matoke Mbarara ni utelezi uliopandishwa cheo. Na kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Mkongo, Mrundi na Msomali hupanga foleni na kadi mkononi, utelezi hauombi kiwanja wala posho, ila unalisha.

Watasema unanuka, na usiku unawanyima samaki pumzi. Ni kweli. Ila nani aliyeunenepesha? Mto Rwizi hupita Mbarara na kuelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, umebeba maji taka na samadi ya ng'ombe yuleyule mwenye sanamu. Kuulaumu utelezi ni kumsema mgeni kwa kumaliza sahani uliyomjazia mwenyewe. Hoja ya sumu ni nzito zaidi, na hapo mtetezi hupunguza sauti: aina nyingine za utelezi hutoa sumu inayoharibu ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa hiyo ngege wako mpasue, ini na matumbo utupe. Na palipo kijani, usichote maji ya kunywa.